Safu ya Saba

Daftari letu lina safu saba.
Jina. Umri. Mtaa. Mlezi.
Saa walizokaa pamoja. Sahihi.
Na ya saba, nyembamba kama ufa wa mlango:
Mabadiliko Yaliyoonekana.

Ofisi ni chumba kimoja Kariobangi, juu ya duka la vipuri.
Viti kumi na vinane; kimoja hakina mguu,
tumekiegemeza ukutani, hukikalia anayekijua.
Jumamosi saa tatu nikifungua dirisha
nyundo za jua kali huingia kabla ya watoto.

Elkana alikuja na barua ya mwalimu mkuu:
miaka kumi na mitano, Huruma, haongei.
Nikampeleka kwa Bi Nzilani, fundi wa cherehani,
naye hakumuuliza kitu. Alimsogezea kopo la skrubu.
Saa mbili. Sahihi ya mama; ya mtoto, mstari tu.
Safu ya saba niliandika "hakuna",
nikafuta, karatasi ikatoboka.

Kisha wafadhili wakapanda ngazi zetu kwa tahadhari,
wakasifu chai, wakasema:
Arobaini ni vizuri. Je, mia nne?
Nikasema ndiyo. Kodi ilikuwa imelala miezi miwili;
mwenye deni hana mdomo wa hapana.

Basi tukatafuta watu wazima
kama watu watafutavyo maji wakati wa mgao,
mtungi mkononi, kila mlango tukiudhania bomba:
misikitini baada ya Ijumaa, makanisani kabla ya sadaka,
kwa muuguzi wa Dandora, kwa mtengeneza friji wa Umoja,
kwa karani mstaafu asiyejua azifanye nini asubuhi zake.
Wengine walikula chakula cha semina
na hatukuwaona tena. Wali ulikuwa mzuri.

Muthee alikuja mara mbili, akinukia marashi,
akamwahidi Awuor kumwonyesha ofisi ya ghorofa ya ishirini.
Jumamosi ya tatu, simu yake haipatikani.
Ya nne.
Ya tano.
Awuor alikaa na viatu vyake vya shule, vimepigwa rangi,
kila mlango ukilia anainua kichwa
kisha anakirudisha polepole kwenye daftari
kana kwamba ni hesabu iliyomshtua.
Fomu ya wafadhili haina safu ya kungoja.
Ya sita niliketi naye mwenyewe, tukapambana
na thuluthi na robo, sote wawili tukashindwa,
akacheka, mara ya kwanza, kwa kunionea huruma.
Jioni hiyo nikabandika ukutani, kwa herufi nene:
USIAHIDI JUMAMOSI USIYO NAYO.
Wawili walisoma wakaaga. Niliwashukuru kwa moyo wote.

Hatukufika mia nne. Tulifika mia moja na tisa,
na kituo cha pili, darasa la kuazima kule Dandora
ambako tukimaliza tunafagia, na ubao
tunauacha na maneno ya mwalimu kama tulivyoyakuta.
Mlezi hapigwi chapa kama fulana.
Hilo nimeliandika kwenye ripoti. Walilitoa.

Na Elkana? Miezi minane ya skrubu na mafuta,
miezi minane ya "hakuna", kwa penseli.
Juzi akainua uso kutoka kwenye tumbo la cherehani, akasema:
"Bisibisi hii imebutu."
Bi Nzilani hakushangilia, hakuita mtu.
"Tangu Krismasi," akamjibu,
wakaendelea kufungua.

Nikachukua kalamu ya wino. Safu ya saba:
Alisema bisibisi imebutu.

Wiki iliyofuata simu ikalia kutoka makao makuu:
kiashiria hiki kina maana gani, dada? Tukiweke wapi?

Kwenye matumizi, nikasema.
Bisibisi moja, mpya.
Shilingi mia mbili na hamsini.