Usajili wa Nguva

Kila Novemba saluni ya Leocadio hugeuka mahakama.
Mshtakiwa ni mmoja, wala haitwi:
Nguva, timu ya ng'ambo ya mto Higuamo,
na bodi yake, na meneja wake wa tai tatu,
na hundi zake zisizojua kuhesabu.
Sisi ni watu wa Mwari. Tumezaliwa hivyo,
kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita.

Tirso anafungua kesi, povu bado kidevuni:
"Wamesajili mrushaji kutoka Panama.
Miaka thelathini na tisa, bega limeshonwa mara mbili.
Mpira ukimtoka mkononi
mpigaji anakwenda kunywa kahawa,
anagombana na mkewe, wanapatana,
anarudi, anashika gongo,
mpira bado uko njiani."

Tunacheka hadi Leocadio anainua wembe juu,
asije akakata sikio la mtu kwa ajili ya Nguva.

"Na yule wa kituo cha kwanza?"
"Kilo mia na thelathini! Halindi kituo, anakiatamia."
"Mkataba wa miaka saba."
"Mwaka wa saba watamleta kwa toroli."
"Meneja anasema wana mpango."
"Wanao. Hata anayeanguka mnazini ana mpango:
kufika chini."

Ndipo Bienvenido, karani wa mizani wa kiwanda cha sukari,
mstaafu, mtu wa maneno manne kwa siku,
anatoa daftari.
Humo mna kila kosa la Nguva tangu themanini na nane:
tarehe, bei kwa peso, kisingizio.
Anasoma kama anayesoma misani:
"Tisini na nne. Mdakaji asiyeona baada ya magharibi.
Elfu mbili na tatu. Mapacha. Walimtaka mmoja,
wakachanganya majina, wakawalipa wote."

Nguva! Nusu samaki, nusu ahadi.

Mlangoni, na brashi yake, yupo Fausto mpiga viatu rangi,
mtu wao wa pekee katika mtaa huu.
"Nyani haoni kundule," anasema bila kuinua kichwa.
"Mara ya mwisho Mwari kubeba kombe
Leocadio alikuwa na nywele."
Tunamwambia aongeze dawa kwenye kiatu cha kushoto.

Jumanne mtoto akaingia mbio, hana pumzi:
Nguva wamemsajili Yeuri.

Yeuri wa doña Ercilia, nyumba ya tatu kutoka hapa.
Yeuri aliyejifunza kupiga kwa mpini wa ufagio
na vifuniko vya chupa za soda,
aliyevunja dirisha hili, hili hapa, lenye kadibodi.
Glavu yake ya kwanza tuliichangia sisi.

Wembe ulisimama. Feni peke yake iliendelea kusema.
Bienvenido alifungua daftari, akalamba kalamu,
akalifunga.

Jioni doña Ercilia akaja kuazima ngazi
atundike bendera ya kijani ya Nguva.
Tukaishika ngazi.
Mikono hii, Mungu shahidi, iliishika ngazi.

Sasa ni wiki ya tatu.
Kila usiku redio inatutajia kikosi,
kila usiku Yeuri yuko benchi
na yule kuku bado anaatamia kituo.
"Vipofu!" Tirso anapiga meza. "Dhahabu wameikalia!
Nani aliwapa timu hawa? Nani aliwapa tai?"
Hatujawahi kuwatukana hivi, hata mwaka wa mapacha.

Bienvenido ameandika tena. Nimechungulia:
*Yeuri benchi. Gharama: haina hesabu. Kisingizio:*
na hapo pameachwa wazi.

Fausto amecheka mpaka brashi ikamdondoka.
Tumemsogezea kiti karibu na redio.
Si kitu.
Ni kwa vile betri alinunua yeye.