Kiraka

Mitumba ya Kiboriloni haimjui mtu.
Koti linakuja na mabega ya mwingine,
mikono ya mtu aliyezoea theluji,
nami kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu, ni kubana,
kupunguza, kung'oa mfuko hapa kuupachika pale,
mpaka mteja ajitazame kwenye kioo changu chenye ufa
aseme, Mama Ndekirwa, sasa hili ni langu.
Huko lilikoshonwa hawajawahi kuniandikia barua.

Kwa hiyo mwanangu aliponiambia amefungiwa
nilidhani polisi.
Niliacha suruali ya mwalimu chini ya sindano, mguu mmoja.

Ni gemu, mama. La malori. La mtandaoni.
Barabara zote tambarare, za kwao,
vituo vya mafuta vinang'aa kama sahani za harusi.
Ndekirwa akaingiza modi yake:
kona za kupanda Marangu, matuta,
bango la maziwa, ng'ombe wawili wa Kileo
wanaovuka bila kuuliza,
na Kibo, imejifunika wingu lake la saa nne.

Madereva wakaja, wa Brazili, wa Polandi,
wakapiga honi mbele ya ng'ombe wale,
wakangoja wapite.
Usiku ule nilimsikia anacheka peke yake
nyuma ya ukuta wa mbao.

Kwa tundu lile lile akapita Evarist wa Pasua:
lori lisilogongeka, tangi lisilokauka, sarafu zisizo na hesabu.
Akawasukuma watu mtoni.
Alipofuata kaptula yake nikamuuliza, kwa nini?
Sarafu mia ni dola tano, akasema,
na wanataka kadi ya benki.
Mimi nina laini ya simu na deni la bando.
Sikuwa na jibu. Kaptula nayo alikopa.

Wenye gemu wakaziba tundu.
Kiraka, wanakiita, neno langu kabisa,
ila chao hakikuchagua:
kilimfunika mwizi, kikafunika ng'ombe,
Kibo ikafumuka kama uzi uliovutwa.
Barua yao ilikuwa heshima tupu:
*tunalazimika kuwalinda wachezaji wote.*
Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaelewa.
Mwaka juzi nilimshonea kijana mmoja lebo kubwa
kwenye makoti thelathini ya uongo.
Nilijua. Ada ilikuwa imefika.
Waliouziwa walirudi kugombana kwangu, si kwake.

Miezi saba.
Evarist akaja na simu, hakuja na deni.
Tazama, mama. Toleo jipya, dola kumi na mbili.
Kona zile. Wingu lile.
Ng'ombe watatu sasa, wanene, wamevishwa kengele.
Na bango, ambalo Ndekirwa aliliandika usiku wa manane
akakosea, nikamcheka:
MAZIWA MGADO.
Wameliacha vile vile.
Wangejuaje kwamba kuna herufi imeanguka?

Jioni sikumwambia kitu.
Alikaa mlangoni ananitungia uzi,
maana macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano.
Nimeliona, mama, akasema, kichwa chini.
Utafanyaje?
Akalamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja.
Kona ya tatu wameikata vibaya.
Lori refu halipiti pale.