Kukwangua Mstari

Mimi ndiye niliyeichora barabara hii.
Miaka tisa iliyopita, usiku, mwezi wa saba,
upepo wa Dodoma ukinipekua koti
kama mtu anayetafuta kitu chake.
Tulivuta kamba ya chokaa kutoka mzunguko hadi reli,
tukamimina rangi ya moto,
nami nikanyunyiza shanga za kioo kwa mkono huu,
konzi kwa konzi, kama ninayelisha kuku.
Njia nne. Mbili kwenda, mbili kurudi.
Asubuhi wakubwa wakakata utepe,
sisi tukala pilau tukiwa na viatu vyeupe.

Leo nimetumwa kuifuta.

Injinia Shose ametandaza mchoro juu ya boneti,
pembe zake kazibana kwa mawe.
"Njia moja kwenda, moja kurudi.
Kati hapa, kisiwa. Kandoni, baiskeli.
Huku miti, ikikubali."
Alisema *ikikubali*. Anaijua ardhi yetu.

Dereva wa lori la alizeti, kutoka Singida,
anateremsha kioo:
"Nyie watu! Mji unapanuka, nyie mnabana?
Makao makuu gani haya ya kupita kama siafu?"
Na bodaboda wa Nkuhungu, mguu mmoja chini:
"Mzee, paka rangi, usitupake matope!"
Wanacheka. Sijibu.
Anayeendesha mashine ya kukwangua hasikii,
hiyo ndiyo raha ya mashine.

Zilikuwa hatua ishirini na moja,
ukingo hadi ukingo.
Nilizihesabu mara moja tu,
baada ya Chitema, darasa la nne.
Gari la njia ya kwanza lilisimama,
likamwashia taa: pita, mwanangu.
La njia ya pili halikuona sababu.
Na kati ya magari yale mawili
kulikuwa na mstari mweupe, ulionyooka,
kazi safi,
kazi yangu.

Mama yake hakuhama. Bado anauza zabibu
pale pale, beseni juu ya ndoo iliyogeuzwa.
Saa nne alivuka, akasimama nyuma ya koni zetu.
"Mbukwa," akasema.
Nikazima mashine.
Akautazama weupe uliokuwa umelala chini, unga,
kama sembe iliyomwagika.
"Kumbe ni rangi?"
Nikadhani hajamaliza, nikangoja.
"Kumbe ilikuwa rangi tu.
Saa moja, imekwanguka."

Nilitaka kumwambia kuna vikao,
kuna bajeti iliyokwama, kuna mchoro uliorudishwa mara tatu,
kuna vijana waliokaa siku saba chini ya mwavuli
wakihesabu magari, lori peke yake, bajaji peke yake.
Nikakumbuka hawakuwa na safu
ya waliosimama pembeni.
Nikanunua zabibu za elfu moja.
Zilikuwa na vumbi. Nilizila hivyo hivyo.

Saa kumi, shule ilipofunguliwa lango,
nilipima upya: hatua saba, kisiwa, hatua saba.
Watoto wakafika ukingoni wakasita.
Walishazoea kukimbia, wakakimbia,
mikoba ikiwachapa mgongoni,
wakafika kisiwani mapema mno,
wakabaki na mbio zisizo na kazi,
wanazunguka zunguka pale kati, wanacheka,
lori la alizeti likiwasubiri, likipumua.

Lakini mashine haitoi kila kitu.
Usiku nilirudi kuchukua koni.
Taa za basi zikapiga lami,
na mstari wa zamani ukaamka,
shanga moja moja, hafifu,
ukinyooka vile vile kuelekea reli.
Basi likaufuata kidogo, kwa mazoea,
kisha likajirudi.

Ndahani anasema mvua zitaumaliza.
Mvua za hapa, unazijua.
Kesho nakuja na ndoo ya rangi nyeusi.