Imla Siku ya Mvua

Huruma, Gredi ya Sita, saa nane na robo.
Nasoma sentensi ya tatu ya imla
na mvua inaimeza kabla haijafika dawati la pili.
Mabati hayana adabu.
"Ng'ombe wa nyanya amezaa!" napaza sauti.
Nachungulia daftari la Kerubo:
ngome ya nyanya imejaa.
Siwezi kumlaumu. Hata tahajia ni safi.

Nyuma kabisa, Halake.
Kalamu yake inakwenda, inakwenda,
haigusi karatasi,
kama mtu anayepiga hewa pasi.

Muhula mzima nimemsifu huyu kwa kusoma.
Husimama wima, akatiririka kama redio,
hadi Jumanne, alipotusomea ukurasa wa kumi na nne
kitabu kikiwa wazi ukurasa wa tisa.
Sikusema neno. Nilikohoa tu,
nikaenda nyumbani na kile kikohozi.

Leo nafunga kitabu. Imla imekufa maji.
Nawaambia: njooni ubaoni, mniandikie
maneno mnayoyapita kila siku mkija shule.
Kerubo: KINYOZI.
Mutinda: UNGA, na chini yake, kwa hiari yake,
umepanda tena.
Halake anakuja na chaki,
anaziweka herufi mojamoja, kama anayepanga mayai,
E zote zikitazama nyuma:
USIKOJOE HAPA.

"Ni jina la mwenye ploti," anaeleza.
"Liko kwenye kuta zake zote."

Darasa likalipuka. Na mimi pia, Mungu anisamehe.
Yeye hakucheka. Alibaki ameishika chaki
hadi ikavunjika.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la ubao,
nikayafunika maneno kwa kiganja,
nikamfunulia kidogo kidogo.
U.
SI.
KO. Hii unaijua, iko kwenye kofia.
JO. Kwenye jogoo.
Midomo yake ilitangulia, sauti ikafuata,
kisha akarudi mwanzo, peke yake,
akayapita yote bila kusimama.

Kimya. Hata mabati.
"Mwalimu," akasema, polepole,
"kumbe ukuta ulikuwa ukinisemesha
miaka yote hii."

Saa kumi, naruka madimbwi kuelekea stendi,
namwona amesimama mbele ya ukuta wenyewe,
begi mgongoni, kidole kwenye herufi ya kwanza,
akimsomea kwa sauti, silabi kwa silabi,
mwanamume mzima
aliyekwisha kufungua zipu.