Peni Moja kwa Kila Pauni

Nimeitwa kung'oa sakafu. Siku tatu, malipo taslimu.
Mwenye jengo anataka fleti nane
na bango nje: Ishi Ndani ya Historia.

Naanza na mpira mweusi wa ukumbi wa mazoezi.
Bado unanuka jasho la vijana wa Cwmhelyg
walionyanyua vyuma hapa
miaka ambayo hapakuwa na kingine cha kunyanyua.

Chini yake, zulia jekundu la bingo.
Hili nalijua. Nililala juu yake utotoni,
koti la mama likiwa shuka,
na yeye jukwaani, Tegwen Probert, blauzi ya kumetameta,
akitangaza namba kwa sauti ya mahubiri:
sitini na sita! Na wanawake wakaguna
kama waliopewa habari za msiba wa jirani.
Mahali palepale, alinisimulia akicheka,
ndipo Bwana Ungoed wa maktaba alipomfukuza, msichana wa miaka tisa,
kwa kosa la kupiga chafya mara mbili.

Gundi. Majivu ya sigara. Kibanio cha nywele.
Kisha mbao.

Mbao za watu waliokatwa mshahara
peni moja kwa kila pauni, kila Ijumaa,
kabla mkono haujagusa bahasha.
Hawakulazimishwa. Walipiga kura wenyewe,
vumbi la makaa likiwa bado kwenye kope,
wakanunua mawe, saa ya mnarani, vitabu elfu sita,
na ngazi pana kuliko ya kanisa,
jambo lililomuudhi mchungaji miaka kumi na mmoja.
Babu yangu Idwal aliazima kwanza kitabu cha mifupa ya farasi,
maana alikuwa na farasi kule chini mgodini, kipofu,
aliyeitwa Seren, yaani nyota,
na alitaka kujua anaumia wapi.

Mgodi ulipofungwa, vitabu viliuzwa kwa uzito.
Kwa uzito, kama makaa.

Hapa, karibu na dirisha la kaskazini, ubao umebonyea.
Naweka pimamaji: povu linakimbilia pembeni.
Palikuwa na meza ndefu ya magazeti, ya kusomea wima.
Mwaka wa mgomo wanaume walisimama hapa tangu asubuhi
wakihamisha uzito, mguu huu, mguu ule,
buti zenye misumari zikisaga mbao taratibu,
wakamaliza ukurasa wa kazi,
wakasoma hata matangazo ya kofia za kike.

Mkataba unasema: sawazisha.
Mifuko minne ya saruji inangoja mlangoni.

Nimevua viatu.
Nimesimama ndani ya bonde lao, uso dirishani.
Kisigino cha kulia kinazama zaidi.
Kumbe nami naegemea kulia.

Simu inalia. Mwenye jengo anauliza
kama sakafu iko sawa.
Bado, namwambia.
Bado haijawa sawa.