Pa Kuanzia

Umeme ulirudi kwa hasira, mazabodi ikaungua.
Ndani ya feni, wadudu wa ziwani
wamekauka tangu msimu ule.
Masalu akafungua skrubu tatu. Ya nne hatukuiona.
Akaichomoa diski, ndogo kama kipande cha sabuni,
akaifuta kwa pindo la shati.

Kompyuta mpya si mpya: ilitumika ofisini huko Bugando,
ina kibandiko cha namba nisiyoielewa.
Tukachomeka. Tukawasha.
Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe.
"Haijajua pa kuanzia," akasema,
akaingia kwenye mipangilio, akaipandisha diski
juu ya orodha, kama mgeni anayesogezewa kiti.

Ikaamka.
Maandishi makubwa mno, rangi zimepauka,
sauti hamna.
Inaitafuta printa tuliyoiuza Igogo,
mtandao wa jirani aliyehama,
kama mimi juma la kwanza hapa Kirumba,
usiku nikipapasa swichi
kwenye ukuta usio na swichi.

Lakini stakabadhi za dagaa zimo zote.
Hata ile iliyokatizwa na umeme:
Nyanzobe, madebe sita,
bei bado.