Alama ya Chaki

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
Bernadine Wozniczka, dereva wa basi la shule,
hufungua kisima kisichonywewa na mtu,
hupaka chaki ya seremala ncha ya utepe wa chuma,
huuteremsha gizani polepole
kama anayemlaza mtoto asimwamshe.
Maji hayaitikii hodi.
Huuvuta. Pale buluu kavu inapokutana na buluu iliyolowa
ndipo penye jibu, naye huliandika kwa penseli,
maana huku Wisconsin, mwezi wa Januari, wino nao hugoma.

Mwaka aliozaliwa mwanawe: futi kumi na moja.
Mwaka mwanawe alipooa: kumi na saba.
Leo: ishirini na nne na kitu.
Hicho "na kitu" ndicho kinachomnyima usingizi.

Ziwani, gati za mbao zimebaki zimesimama nyasini
kama meza za harusi ambazo hakuna aliyerudi kuzichukua.

Ardhi ya huku ni mchanga, masalio ya barafu ya kale;
mvua ikinyesha haikai juu hata muda wa chafya.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Hapa yanazoleka, na hilo ndilo balaa:
mbolea tuliyoimwagia viazi
tumeizoa kwa bomba la jikoni,
tumeichemshia kahawa,
Pa Houa Xiong ameikorogea maziwa ya kopo
miezi miwili, kabla ya barua ya maabara
yenye tarakimu moja iliyopigiwa mstari.
Tangu hapo hununua maji dukani
na kuyapandisha ngazi bila kumtazama mtu.

Ekari tisini za Arvid Tollefsrud hazijaonja jembe.
Baba yake alikuwa mvivu; mji mzima ulimcheka.
Sasa uvivu ule una mizizi yenye kina cha watu wawili,
una korongo wanaorudi kila Aprili,
na mvua ipitayo humo hufika chini ikiwa bado mvua.
Kampuni ya viazi ilileta bei, na ramani ya visima vitatu.
Arvid aliikunja ramani akaiweka chini ya bakuli la paka.
Halafu akaja mjini kuuliza: nanyi mnatoa ngapi?

Mkutano ulikuwa kituo cha zimamoto.
Walilitoa gari jekundu nje kwenye theluji
ili viti vipate nafasi.
Kodi ingepanda, dola arobaini na moja kwa nyumba.
Delmar Kluck, mkulima wa viazi, alisimama na kofia mkononi:
"Paa hili mlilokaa chini yake limejengwa na viazi."
Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekohoa.
Kisha mikono. Ikahesabiwa, ikahesabiwa tena.
Sitini kwa sitini.
Na mkono wa Delmar, uliokuwa umefika begani tu,
kama wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu.
Karani akauliza, "Huo unapanda au unashuka?"
Alikaa nao hapo muda mrefu.
"Andika," akasema, akaketi.

Jumamosi iliyofuata Bernadine alishusha utepe.
Maji yalikuwa yameshuka inchi moja zaidi.
Maji hayahudhurii mikutano;
yatapata habari zetu baada ya miaka,
labda mjukuu wa mtu atakuwepo kuyapokea.
Arvid alikuwa akimngoja penye ua wa waya, miwani ameisahau.
"Ngapi?"
Hakumwambia. Alimpa ncha ya utepe aiguse mwenyewe.
Alipapasa chuma, hadi pakawa pabichi.
Akajifuta kwenye suruali, mara mbili,
na kidole kikabaki buluu.